Kuhamisha mafaili kati ya seva bila kufunika ya zamani: scp, sftp, rsync, tar au ln?

Unix (familia ya mifumo endeshi ambayo Linux imo) haiulizi. Ukiiambia inakili faili mahali ambapo faili la jina hilo lipo tayari, inanakili, na lile la mwanzo ndiyo basi tena. Hakuna kikapu cha taka, hakuna dirisha la kukuuliza kama una uhakika. Kwenye kompyuta moja hilo linavumilika, maana folda iko mbele ya macho yako. Kati ya seva mbili, moja hapa Tanga mjini na nyingine Korogwe au Dar es Salaam, unaandika jina la faili ambalo kwa wakati huo hulioni. Ukikosea, imekula kwako.

Tuchukue ofisi ya mkonge yenye mashamba Muheza, Korogwe na Pangani. Kila shamba lina mzani, na kompyuta ya mzani inatoa faili moja kila jioni, `mizani.csv`. Yote matatu yanatumwa kwenye seva ya ofisi kuu Tanga, folda `/data/pokea`. Muheza inatuma saa kumi na mbili, Korogwe saa moja, Pangani saa moja na nusu. Asubuhi mhasibu anafungua folda anakuta faili moja tu, la Pangani. Hakuna amri iliyoshindwa usiku huo wala ujumbe wa kosa kwenye logi yoyote. Kila mashine ilifanya ilichoagizwa.

Likishatokea hilo, watu huuliza: amri ipi inauliza kabla ya kufunika? Mimi huanza na maswali mawili mengine. La kwanza, faili hili linatakiwa kubadilika, au likishaandikwa ndiyo limeandikwa? Takwimu za mzani za tarehe fulani hazina sababu ya kubadilika. Faili la mipangilio ya tovuti hubadilika kila mara. La pili, chombo kikikuta faili lipo, kinafanya nini: kinafunika, kinaruka kimya, kinakataa kwa sauti, au kinaliweka la zamani pembeni? Hizo ni tabia nne tofauti kabisa, na ushauri mwingi wa mitandaoni huzichanganya kana kwamba ni kitu kimoja.

scp: anaingia bila hodi

`scp`, amri ya kunakili faili kati ya mashine kupitia SSH (njia iliyosimbwa ya kuingia mashine ya mbali), ni mtoto wa `rcp`, amri ya enzi za BSD (tawi la zamani la Unix), na tabia ya mzazi imebaki. Haina swichi (herufi au neno la ziada baada ya amri) ya kuuliza, haina swichi ya kuruka faili lililopo. Tangu OpenSSH 9.0 (kifurushi chenye `scp` ndani yake) ya Aprili 2022 inatumia itifaki ya SFTP kwa ndani badala ya ile ya zamani (ukiitaka ya zamani unaongeza `-O`), lakini kwenye suala la kufunika hakuna kilichobadilika.

Isitoshe, inaandika moja kwa moja kwenye jina la mwisho. Umeme ukikatika katikati, au bando likiisha, unabaki na faili ambalo si la zamani wala si jipya: nusu ya data, jina kamili.

Mitego yake mitatu inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hainasi wageni tu.

Uko kwenye folda yenye mafaili mawili, `korogwe.csv` na `muheza.csv`. Unaandika `scp *.csv` halafu kidole kinabonyeza Enter kabla hujaandika jina la seva. Bash, programu inayosoma amri unazoandika, inaifungua ile nyota, amri inakuwa `scp korogwe.csv muheza.csv`, na data ya Muheza imegeuka ya Korogwe, palepale kwenye diski yako. Mtandao haukuguswa hata kidogo. Yangekuwa mafaili matatu ungepata ujumbe wa kosa, kwa kuwa jina la mwisho lingetakiwa kuwa folda. Mawili tu ndiyo yanayoteleza.

Mtego wa pili ni folda ambayo haipo. Unatuma `scp mizani.csv seva:/data/pokea/tanga` ukidhani `tanga` ni folda. Kama haipo, `scp` inaunda faili liitwalo `tanga`. Unatuma la pili, linafunika la kwanza. Weka mkwaju mwishoni, `/data/pokea/tanga/`, na amri itashindwa badala ya kukudanganya. Mkwaju huo mmoja ni kinga ya bure.

Wa tatu ni kuvuta mafaili ya jina moja kutoka seva mbili:

`scp muheza:/var/log/syslog korogwe:/var/log/syslog .`

Zinafika logi mbili, inabaki moja.

Kwa hiyo `scp` ninaiachia kazi moja: faili moja, kwa mkono, lenye jina nililolitunga dakika hiyo na ambalo haliwezi kuwa limetumika. Ikiingia kwenye skripti ya kila usiku, mimi huitoa.

Herufi ileile, kazi nyingine

Kabla ya kwenda mbele, kuna jambo linalowapoteza hata wazoefu. Kwenye `cp`, amri ya kunakili ndani ya mashine moja, `-i` maana yake uliza kwanza. Kwenye `scp`, `-i` inataja faili la ufunguo wa kuingilia. Ukiandika `scp -i mizani.csv ...` unaiambia kwamba takwimu zako za mzani ndizo ufunguo wa SSH. Kwenye `cp` na `mv` (ya kuhamisha au kubadili jina), `-n` ni usifunike. Kwenye `rsync`, `-n` ni jaribio tu, hakuna kitakachotumwa. Kwenye `ssh`, `-n` inaziba mlango wa kuingizia data, hivyo mbinu yoyote ya kupitisha faili kwa bomba inakufa. Mtu akikuelekeza kwa simu "weka tu n hapo", muulize ni n ya nani.

Tena, kwenye mifumo ya familia ya Red Hat, mtumiaji root (msimamizi mwenye ruhusa zote) huwekewa `cp` na `mv` zikiwa tayari na `-i` ndani yake. Unazoea kuulizwa, unaanza kuamini kwamba mfumo mzima unakulinda. Kinga hiyo haimo ndani ya skripti, haimo kwenye `scp`, na haimo kwa watumiaji wengine.

sftp na madirisha yake

`put`, amri ya kupakia ndani ya `sftp` (programu ya kuhamisha mafaili kupitia SSH), hufunika kimya kama `scp`, na haina swichi ya kukataa. `reput` huendeleza faili lililokatika, ila inachotazama ni ukubwa: kama lililoko kule ni dogo kuliko lako, inaongezea mwishoni, hata kama mwanzo wake ni wa faili jingine kabisa. Uitumie pale tu unapojua kwa hakika kwamba lililokatika ni lilelile.

Ofisi nyingi hapa mjini haziandiki amri hizi. Kuna laptopu ya Windows yenye WinSCP au FileZilla, na seva ya Linux upande wa pili. Hao huuliza: wanakuonyesha ukubwa na tarehe ya yote mawili, unachagua kufunika, kuruka au kubadili jina. Kwa mtu anayehamisha mafaili machache kwa mkono, hii ndiyo njia salama kuliko zote nilizotaja mpaka sasa, na sioni haya kumshauri mhasibu aachane na terminali. Hatari yake ni kile kisanduku cha kutumia jibu hilo kwa mafaili yote. Faili la tano lilistahili kufunikwa, la sita halikustahili, na tiki imeshawekwa.

rsync: chombo kimoja, tabia tatu

Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa `rsync`, programu ya kusawazisha folda mbili, mwaka 1996, na mpaka leo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kazi hii. Ila anayesema "tumia rsync" hajasema kitu bado, kwa sababu usalama wake unategemea swichi.

Bila swichi ya ulinzi, `rsync -a` inalinganisha ukubwa na muda wa kubadilishwa. Vikitofautiana, inafunika. Haijali lipi ni jipya zaidi. Ukituma folda ya juzi juu ya folda ya leo, ya juzi inashinda.

Uzuri mmoja inao hata hapo: haiandiki kwenye jina la mwisho moja kwa moja. Inaandika kwanza faili lililofichika, kwa mfano `.mizani.csv.Xk3f9Q`, likikamilika ndipo inalibadili jina. Umeme ukikatika, faili la zamani liko salama. Kwa mji ambao UPS imekuwa kifaa cha kawaida cha ofisi, tofauti hii pekee inatosha kunifanya niichague mbele ya `scp`. Lakini ukiongeza `--inplace` umejivua kinga hiyo kwa mikono yako.

Sasa swichi zenyewe.

`--ignore-existing` inaruka kila faili ambalo jina lake lipo upande wa mpokeaji. Inafaa sana kwa mafaili yasiyobadilika, yenye tarehe kwenye jina. Ubaya wake ni kwamba inaruka kimya. Korogwe wakigundua walikosea uzito, wakasahihisha na kutuma tena, masahihisho hayatafika, na hakuna atakayeambiwa. Kuna na tatizo la pili, baya zaidi, likikutana na `-P`. Swichi hiyo ya `-P` ina `--partial` ndani yake, yaani faili lililokatika linahifadhiwa kwa jina lake kamili. Usiku unaofuata `--ignore-existing` inaliona, inasema lipo, inaendelea. Nusu faili inakaa pale milele ikionekana nzima. Ukitaka zote mbili, elekeza vipande kwingine:

`rsync -a --ignore-existing --partial-dir=.vipande mizani/ seva:/data/pokea/`

`-u` inaruka faili kama la mpokeaji ni jipya zaidi. Kwa masikio inavutia. Kwa vitendo inaamini saa za mashine mbili. Kompyuta ya mzani ambayo betri ya saa kwenye ubao mama imekufa huamka na tarehe ya miaka iliyopita kila ikizimwa. Mafaili yake mapya yataonekana ya kale na hayatapokelewa. Iliyo mbele ya wakati itafanya kinyume chake: data yake mbovu itakuwa "mpya" siku zote. Pia, aliyenakili awali bila kuhifadhi muda (bila `-a` au `-t`) ameacha mafaili yenye muda wa kunakiliwa, si wa kuandikwa. Siitumii `-u` mahali ambapo sijahakikisha kwamba pande zote mbili zinapata saa kutoka mtandaoni.

`--backup` ndiyo yenye busara kwa mafaili yanayobadilika. Inafunika, lakini la zamani inaliweka pembeni. Ukiiacha hivyohivyo inaongeza `~` mwishoni mwa jina, na hapo ipo kasoro ambayo wengi huigundua wamechelewa: ukifunika mara ya pili, ile `mipangilio.conf~` nayo inafunikwa. Una kizazi kimoja tu cha nyuma. Ipe folda yenye tarehe na saa:

`rsync -a --backup --backup-dir=../zamani/$(date +%F-%H%M) tovuti/ seva:/srv/tovuti/`

Njia ya `--backup-dir` ikiandikwa hivi huhesabiwa kuanzia folda ya mpokeaji, kwa hiyo hapa itakuwa `/srv/zamani/`. Iweke nje ya folda inayopokea, hasa kama unatumia `--delete`, la sivyo akiba yako yenyewe itaonekana kama takataka ya kufutwa. Na ukiiweka nje, hata yale yanayofutwa na `--delete` huhamia humo. Diski itajaa taratibu. Hiyo ni gharama ninayoilipa bila kulalamika.

Swichi yoyote utakayochagua, jaribu kwanza:

`rsync -ain mizani/ seva:/data/pokea/`

Inaandika mistari kama hii bila kutuma kitu:

`<f+++++++++ mizani-korogwe-2025-03-14.csv`
`<f.st...... mizani-korogwe-2025-03-13.csv`

Alama za kujumlisha maana yake faili ni jipya kule. `s` na `t` maana yake lipo, na ukubwa na muda vinatofautiana: hili la pili litafunikwa. Ukitaka kuona ya kufunikwa pekee, pitisha matokeo kwa `grep '^<f[^+]'`. Orodha ikiwa tupu, endelea. Ikitoka na jina hata moja usilolitarajia, simama hapo kwanza.

Jambo moja la mwisho kuhusu `rsync`. Kwenye ofisi nyingi `/data/pokea` ni folda ya waja leo waondoka leo: faili linafika, linakaguliwa, linahamishiwa ghalani. Likishaondoka, `--ignore-existing` haina habari nalo na italituma tena kesho. Hapo ama uhamishe yaliyokwisha kutumwa kwenye folda nyingine upande wa shamba, ama uielekeze `rsync` itazame na ghala kwa `--compare-dest`.

tar kupitia ssh

`tar` huyafunga mafaili mengi kuwa furushi moja. Kwa maelfu ya mafaili madogo, mara moja, njia hii ni nyepesi:

`tar cf - mizani | ssh seva 'tar xkf - -C /data/pokea'`

Ile `k` ndiyo kinga. Bila hiyo, `tar` hufunika. Ikiwepo, kwenye GNU tar (ile ya Linux) kila faili lililopo linaachwa lilivyo, ujumbe wa kosa unaandikwa, na amri inamaliza kwa namba ya kushindwa. Yaani inakataa kwa sauti. Ukitaka iruke kimya kama `--ignore-existing`, tumia `--skip-old-files`. Haiendelezi kazi iliyokatika, na faili lililokuwa likiandikwa wakati wa kukatika litabaki nusu. Zaidi ya hapo haina mengi.

Kukataa kwa kweli: `set -C` na `ln`

Vingi kati ya vilivyotangulia vina ufa mmoja. `rsync --ignore-existing` hutazama kwanza, huandika baadaye. Mashine mbili zikituma jina moja kwa wakati mmoja, zote zinaona nafasi iko wazi, zote zinaandika, na ya mwisho kumaliza inashinda. Kwa ofisi ndogo ni nadra. Kwa mashamba yaliyopangiwa `cron` (kipanga kazi za kujiendesha) ya saa moja kamili usiku, si nadra hata kidogo.

Bash na ndugu zake wana mpangilio wa kuzuia alama ya `>` isifunike faili:

`ssh seva 'set -C; cat > /data/pokea/mizani.csv' < mizani.csv`

Lipo? Unapata `cannot overwrite existing file` na namba ya kushindwa. Hapa kutazama na kuunda ni tendo moja ndani ya mfumo, hivyo wawili hawawezi kupita pamoja. Kwa faili dogo ni mbinu safi kuliko zote. Kwa kubwa ina kasoro: ikikatika, nusu faili inabaki na jina kamili, na jaribio la pili litakataliwa na kinga yako mwenyewe. Na kama mtumiaji wa kule anatumia csh badala ya Bash, mpangilio huo unaandikwa kwa namna nyingine.

Suluhisho la makubwa ni kupakia kwa jina la muda, kisha kulipatia jina la mwisho kwa `ln`, amri inayoongeza jina la pili kwa faili lililopo:

`t=.muda-$(hostname)-$$`
`f=mizani-korogwe-2025-03-14.csv`
`rsync -a "$f" seva:/data/pokea/$t &&`
`ssh seva "ln -T /data/pokea/$t /data/pokea/$f && rm /data/pokea/$t"`

`ln` bila `-f` haifuniki. Kama jina lipo, inajibu `File exists` na kuacha kila kitu kilivyo, na lako jipya bado liko salama kwa jina la muda, unaweza kulilinganisha na la zamani. `-T` ya GNU inazuia kuunganishwa ndani ya folda yenye jina hilo. Majina yote mawili lazima yawe kwenye mfumo mmoja wa mafaili (filesystem). Wengine hutumia `test -e` kisha `mv`. Ni kurudi kwenye ufa uleule wa kutazama kwanza.

`rclone` nayo itajwe kwa haki. Kwa `rclone copy --immutable`, mapya yanapita, yaliyo sawasawa yanarukwa, na lililopo lakini limebadilika linaleta kosa. Hiyo ndiyo tabia ninayoitaka kwa mafaili ya mzani, kwenye swichi moja. Kama tayari unaitumia kupeleka bakapu kwenye wingu, huna sababu ya kujifunza `ln`. Kuisakinisha kwenye kila kompyuta ya mzani kwa ajili hii tu ni kazi ambayo mimi singeianza.

Majina

Nusu ya tatizo la yale mashamba matatu si amri, ni jina. `mizani.csv` halisemi ni la nani wala la lini. `mizani-korogwe-2025-03-14.csv` linasema. Ukitaka na saa, tumia saa 24, `date +%F-%H%M`, maana kwetu siku ina saa mbili mara mbili: skripti inayotoa `mizani-saa2.csv` asubuhi itajifunika yenyewe usiku.

Angalia pia seva zinazotumia UTC (saa ya rejea ya kimataifa). Tuko saa tatu mbele, kwa hiyo faili lililotolewa saa saba usiku wa tarehe 14 hupewa jina la tarehe 13. Mashine moja ikiwa UTC na nyingine saa ya Afrika Mashariki, na zote zinapakia folda moja, kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri majina yatagongana. `rsync` yenyewe haichanganyikiwi na kanda za saa, jina ndilo linalochanganyikiwa.

Ningechagua nini

Kwa mafaili ya mzani: jina lenye shamba na tarehe, kila shamba folda yake, na `rsync -a` ya kawaida yenye kufuli upande wa Tanga kama nitakavyoeleza. Sio `--ignore-existing`, sipendi chombo kinachonyamaza mtu akisahihisha takwimu. Kwa tovuti na mipangilio: `--backup-dir` yenye tarehe na saa, bila mjadala. Kwa kuhamisha seva nzima mara moja kwenda mashine mpya: `rsync -ain` kwanza, usome kila mstari usio wa kujumlisha, ndipo uondoe `n`. Kwa mashine nyingi zinazogombea jina moja: `ln`. Kwa mtu wa ofisini mwenye mafaili matatu: dirisha la WinSCP na macho yake.

Upande wa mpokeaji

Swichi zote hizo ziko mikononi mwa mtumaji, na mtumaji hubadilika. Kijana wa zamu mpya Pangani atanakili amri kutoka kwingine, ataacha swichi moja, na ulinzi wako umekwisha. Kwa hiyo ninapoweza, naweka kufuli Tanga.

Wengi hudhani `chmod 444` inatosha. Dhidi ya `scp` inatosha, mtumiaji asiye root atakataliwa. Dhidi ya `rsync` haifanyi kitu, kwa sababu `rsync` haiandiki ndani ya faili la zamani. Inaunda jipya na kulipa jina lile, na ruhusa inayotazamwa ni ya folda. Hapo ndipo unapoona faili la kusomwa tu limebadilika na unabaki kukodoa macho.

Kinachofanya kazi ni kila shamba kuwa na mtumiaji wake, folda kumilikiwa na root, na biti ya kunata kama ya `/tmp`:

`chown root:mizani /data/pokea && chmod 1770 /data/pokea`

Mtumiaji wa Korogwe hataweza kufuta wala kubadili jina juu ya faili la Muheza, kwa chombo chochote. La kwake mwenyewe bado anaweza, na kwa hilo kuna `chattr +i`. Likishawekwa, hata root hawezi kuligusa mpaka aliondoe. Kwenye FreeBSD ni `chflags schg`. Mtumaji anatuma faili pamoja na hesabu yake ya sha256 (alama ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilika njiani), na `cron` ya root hapa inakagua ndipo ifunge:

`cd /data/pokea/korogwe && sha256sum -c mizani-korogwe-2025-03-14.csv.sha256 && chattr +i mizani-korogwe-2025-03-14.csv`

Baada ya hapo Korogwe wakituma tena faili lilelile, `rsync` inaliona liko sawa na kuliruka. Wakituma lililobadilika, inashindwa na kumaliza kwa namba 23. Ukiikuta 23 kwenye logi ya asubuhi, mpigie simu mtu wa mzani umuulize alisahihisha nini, ndipo uamue kama utaandika `chattr -i` au utapokea lile jipya kwa jina jingine.